"Kwasababu" au "kwa sababu"? Na huyu wa "ana kuja" tumfanyeje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Leo sileti siasa wala mpira. Naleta spesi, ile nafasi tupu kati ya neno na neno.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Mwishoni mwa Januari mweka hazina wetu akatupia kwenye grupu: "Wafuatao hawa na deni la Januari", chini yake majina manane. Alimaanisha *hawana*, yaani wameshamaliza, wasisumbuliwe. Nusu ya grupu ikasoma "hawa, na deni la Januari", ikaona wadaiwa wameanikwa hadharani. Dada mmoja wa tatu kwenye orodha, ambaye alilipa kabla ya wote, akarusha picha ya muamala kisha akajitoa bila kuaga. Siku mbili tulikuwa tunambembeleza arudi.

Tangu hapo nasoma meseji za watu kwa jicho la karani. Naona makosa ya spesi yako ya aina mbili, na polisi wa lugha wanayapiga kirungu kimoja. Wapo wanaokata kitenzi kama muwa: "ana kuja", "tuta onana", "si jui". Na wapo wanaounga: "kwasababu", "kwahiyo", "kilasiku".

Msimamo wangu: wakataji tuwarekebishe, waungaji tuwaache. Mkataji anaharibu maana. "Wanajeshi" ni askari. "Wana jeshi" ni watu wenye jeshi lao, habari nyingine kabisa. "Wanakondoo wawili" ni watoto wa kondoo. "Wana kondoo wawili" ni familia yenye mifugo. Unaweza kukuta wanahabari ambao hawana habari, na ukikosea spesi hapo hata kejeli inakufa. Lakini "kwasababu" imempoteza nani? Hata kamusi zenyewe zimeshameza "kwamba", "kwani" na "kwaheri" kama neno moja moja, na hakuna aliyeandamana.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja, matusi muache nyumbani.

Mwalimu mstaafu

Mwanangu, hoja yako nzuri nusu. Nimesahihisha insha miaka mingi, naomba nikuulize: utaandikaje "Nimechelewa kwa sababu tatu"? Ukiunga, ile "sababu" uliyotaka kuihesabu imeshafungiwa ndani ya neno jingine. Na "kwa sababu za kiafya" je? "Za" itapatana na nini? Mtoto akizoea kuunga simuni, anaunga kwenye mtihani, halafu mzazi anakuja kuniuliza alama zimeenda wapi.

Tena haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Moja ya kazi zake ilikuwa kupatanisha tahajia, ili kitabu kimoja kisomeke pande zote nne. Mkianza kila mtu na spesi yake, mnarudi tulikotoka.

Mdau aliyewahi kuishi Johannesburg

Shikamoo mwalimu. Mimi niwatetee wakataji, maana naona wanaitwa wajinga.

Nilipanga nyumba moja na Mzulu na Msotho. Mzulu akitaka kusema "ninawapenda" anaandika *ngiyabathanda*, neno moja refu kama letu. Msotho anaandika *ke a ba rata*. Maneno manne! Ukivipanga vipande vyake unapata kitu kilekile: ni, na, wa, penda. Lugha za ukoo mmoja, nchi moja, moja inaunga na nyingine inakata, na watoto wa kote kote wanasoma bila kuumwa kichwa. Ni makubaliano tu. Anayeandika "nina wapenda" masikio yake yamesikia viungo vya kitenzi vizuri sana. Alichokosa ni kuwepo siku ya makubaliano. Kwa hiyo mrekebisheni, ila msimcheke. Wengine wamejifunzia Kiswahili ukubwani.

Fundi simu

Wakuu mnalaumu watu, mimi nitalaumu vifaa.

Vijana wa sasa hawajui shida ya kitochi. Herufi "s" ilikuwa kwenye namba 7 na inakuja ukibonyeza mara nne. "X" iko kwenye 9, mara mbili tu. Hesabuni wenyewe: "sasa" ni mibonyezo kumi, "xaxa" ni sita. Watu wanadhani "xaxa" ilikuwa ushamba wa wasichana wa sekondari. Ilikuwa hesabu ya dole gumba.

Halafu meseji moja ilikuwa na herufi 160, na spesi nayo inahesabiwa herufi. Ukifika 160 inaanza ya pili na unakatwa tena. Mtu aliyekuwa anabana salio angeachaje kuunga "kwasababu"? Mkono umezoea, simu imebadilika, mkono haujapewa taarifa.

Na kuna hili linalonikera hadi leo. Nilikuwa natuma matangazo kwa meseji za jumla, mteja ananadi mifugo. Ujumbe herufi kama 120, safi, nikijua ni meseji moja. Mfumo unaniambia mbili. Nikahangaika karibu saa nzima. Kumbe neno "ng'ombe" lilinakiliwa kutoka programu ya kuandikia nyaraka, ambayo ilikuwa imepinda ile ritifaa, kile kialama cha juu baada ya "ng", ili ipendeze. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya meseji za kawaida, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia mpangilio mwingine wenye nafasi ya herufi 70. Ng'ombe mmoja alipandisha bili mara mbili kwa orodha nzima ya wateja. Sasa niambieni hapo polisi wa lugha angenisaidia nini.

Msomaji asiyeona

Naingia kidogo. Simu yangu inanisomea kwa sauti. "Ana kuja" na "anakuja" kwangu zinasikika karibu sawa, kwa hiyo ugomvi wenu mkubwa mimi haunihusu sana. Kinachoniumiza ni yule anayepamba: "K A R I B U N I". Simu inatamka herufi moja moja, ke, a, re, hadi nimesahau ilikoanzia. Na yule anayeandika ukurasa mzima bila nukta hata moja. Sauti inakimbia bila kupumua na mimi nakosa pumzi pamoja nayo. Nukta kwenu ni alama, kwangu ni mahali pa kusimama.

Mleta mada

Nimerudi. Mwalimu, kwenye "sababu tatu" umenikamata, sina pa kutokea. Narekebisha: waungaji nao waambiwe, ila faragha, siyo mbele ya watu mia mbili. Wa "ana kuja" nabaki nao hadharani pale penye pesa au majina ya watu, kwa sababu madhara yake yanaonekana siku hiyohiyo.

Dada asiyeona, mimi ni mmoja wa wapambaji. Naacha leo.

Na kwa waliouliza inboksi kama mweka hazina alijifunza: nilimfuata taratibu, nikamweleza kuhusu "hawana". Akanisikiliza, akaitikia "sawa kaka". Mwezi wa pili akatuma orodha mbili. Ya kwanza kichwa chake WAMELIPA. Ya pili, BADO. Neno moja moja, hakuna pa kuweka spesi. Jina langu lilikuwa kwenye ya pili.