Mfereji wa Kennet and Avon: nikatazame nini, na sisi wa Kigongo tujifunze nini?

Mwalimu wa Misungwi

Ndugu wanajukwaa, habari za siku nyingi. Mwezi wa tano, Mungu akipenda, nitasafiri kwenda Uingereza kumtembelea mdogo wangu anayeishi Reading, na nimepanga kutumia siku nne kuuona mfereji wa kale uitwao Kennet and Avon, ambao kutoka mji huo unaelekea magharibi hadi Bath na Bristol, umbali wa kilomita 140 hivi. Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na tisa, na kila mwaka nimechora ubaoni kile chumba cha maji chenye milango miwili kinachopandisha mashua mlimani, bila kuwahi kukiona kwa macho yangu.

Lipo jambo jingine lililonifanya niandike. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, gari linavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, juu ya kilomita tatu za daraja, pale pale Kigongo tulipozoea kukaa foleni ya kivuko cha kwenda Busisi saa mbili au zaidi. Sililaumu daraja hata kidogo. Nimewahi kumsindikiza mgonjwa usiku kutoka Busisi, na ninajua kungoja kule kulivyokuwa. Ila wanafunzi watakaoingia kidato cha kwanza miaka michache ijayo hawataelewa kwa nini Kigongo ilikuwa Kigongo. Nimesoma kwamba mfereji ule nao ulinyang'anywa kazi na reli, ukakauka, kisha ukafufuliwa. Naomba anayeufahamu anieleze nikatazame nini hasa, na ni kitu gani kiliuokoa.

Muuguzi wa Nyakato

Shikamoo Mwalimu. Nilifanya kazi Newbury kwa miaka sita, na nyumba niliyopanga ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye mfereji huo, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Ukiwa na siku nne, usizitumie kuuona wote. Anza na Crofton. Panda treni kutoka Reading hadi kituo cha Bedwyn, kisha tembea kama kilomita tatu ukifuata njia ya pembeni, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi waliokuwa wakivuta mashua kwa kamba. Hapo utakuta nyumba ya pampu, na ndani yake mtambo wa mvuke wa mwaka 1812 ambao bado upo pale pale ulipofungwa na bado unaweza kupandisha maji. Mtambo huo huwashwa kwa makaa katika baadhi tu ya wikiendi, basi ulizia tarehe kabla hujakata tiketi. Siku nyingine kazi hufanywa na pampu za umeme.

Nimeanza na pampu kwa makusudi. Mtu anayeuona mfereji kwa mara ya kwanza hutazama mashua na madaraja ya mawe, akasahau kujiuliza maji yanatoka wapi. Mfereji huu unapanda mlima na kushuka upande wa pili, na kule juu kileleni hakuna mto wa kuujaza. Kila mashua inayovuka kilele inateremsha chumba kizima cha maji upande huu na chumba kingine upande ule. Bila ya kuyarudisha maji juu, kilele kinakauka, na kilele kikikauka mfereji unakatika vipande viwili visivyofikiana.

Siku ya pili nenda Caen Hill, karibu na mji wa Devizes. Mji huo hauna kituo cha treni siku hizi, kwa hiyo utamalizia safari kwa basi. Kuna malango 29, yaani vile vyumba vya maji unavyovichora ubaoni, yanayopandisha mashua mita 72 katika mwendo wa kilomita tatu hivi, na 16 kati yake yamepangwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kila moja likiwa na bwawa lake ubavuni la kuhifadhi maji. Mashua huchukua saa tano au sita kupanda. Omba ruhusa ya kusukuma boriti ya lango moja. Wenye mashua wengi hufurahi kupata mtu wa kusaidia, na ni hapo mgongo wako utakapokuambia kile ambacho ubao wa darasani haukuwahi kukuambia. Siku mbili zilizobaki tembea kati ya Bradford on Avon na Bath, ukapite juu ya daraja la Dundas, ambapo mfereji wenyewe unavuka bonde ukiwa umebebwa na mawe.

Kuhusu kilichouokoa: mhandisi John Rennie aliusanifu, na sehemu ya mwisho ilifunguliwa mwaka 1810. Reli ya London hadi Bristol ilikamilika mwaka 1841, na mwaka 1852 kampuni ile ile ya reli ikaununua mfereji. Unaweza kufikiri mwenyewe kama mwenye reli angekuwa na hamu ya kuutunza. Kufikia miaka ya 1950 malango mengi yalikuwa yameoza, na wenye mamlaka walitaka kuondolewa wajibu wa kuufanya upitike. Mwaka 1956 wananchi wakapeleka London ombi lenye maelfu ya sahihi, na ombi lenyewe wakalisafirisha kwa mashua kupitia njia hiyo hiyo iliyosemekana imekufa. Mfereji haukufungwa kisheria. Kisha kwa miaka zaidi ya thelathini watu wa kujitolea wakazoa tope, wakachonga milango mipya, wakaziba mahali palipovuja, hadi Malkia Elizabeth wa Pili alipoufungua tena tarehe 8 Agosti 1990.

Hata hapo kazi ilikuwa bado. Maji hayakutosha, na majira ya kiangazi malango ya Caen Hill yalilazimika kufungwa. Ilibidi mwaka 1996 iwekwe pampu inayoweza kurudisha juu lita milioni 32 kwa siku, na mwaka huo huo mfuko wa bahati nasibu ya taifa ukatoa pauni milioni 25 za ukarabati. Ninalitaja hili kwa sababu kwetu tuna tabia ya kukata utepe na kwenda nyumbani.

Baharia Mstaafu

Marahaba wanangu, nami nawasoma. Nimefanya kazi kwenye vivuko vya ziwa hili tangu nikiwa kijana, na Kigongo nimevuka mara ambazo siwezi kuzihesabu.

Maelezo ya binti yangu Muuguzi kuhusu maji yamenigusa, kwa maana sisi adui yetu hakuwa uhaba wa maji bali magugu. Magugu maji yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu wakati huo upepo ukigeuka yanaweza kuja kama kisiwa kizima na kuziba gati asubuhi moja. Mbawakavu waliletwa wayale, na walipunguza, lakini hayakwisha. Sasa nauliza: vivuko vilipokuwa vikipita kutwa nzima, palikuwa na sababu ya kupasafisha. Njia isiyopitwa ni nani ataisafisha? Wale Waingereza waligundua kwamba mfereji usiopitwa na mashua unajaa tope, na sisi gati lisilofikiwa na chombo litakuwa bustani ya magugu. Kama mnataka kuhifadhi pale, pawe na chombo kinachovuka, hata kama ni kimoja, hata kama ni Jumamosi tu kwa ajili ya wageni na watoto wa shule.

Jambo la pili ni watu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na hadi leo wapo wazee waliopanga mabehewa ndani ya meli pale Bandari ya Kusini, wanaojua namna ya kusawazisha uzito ili chombo kisilale upande mmoja. Tuliopoteza ndugu katika ajali za ziwa hili tunajua thamani ya ujuzi huo. Haumo katika kitabu chochote nilichokiona.

Wakili wa Kirumba

Naongeza la kisheria kwa ufupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Gati la Kigongo halimo, wala meli zetu hazimo. Kitu cha baadaye kinahitaji kutangazwa na waziri, na hilo huanza kwa wananchi wenyewe kupitia halmashauri, wakiwa na picha, vipimo na maelezo. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo mkifikiria kujenga nyumba ya makumbusho, iwekeni nyuma ya mstari huo tangu mwanzo, msije mkavunjiwa.

Mwalimu wa Misungwi

Nawashukuru sana, nanyi mmenibadilishia ratiba: nitaanza Crofton, na nitapiga picha za pampu kuliko za mashua. Mzee wangu Baharia, sitaki kungoja hadi nirudi. Je, ungekubali kuja Kigongo kabla sijasafiri, uwaeleze vijana wangu wa kidato cha pili namna kivuko kilivyopangwa magari, wao wakiandika na kupima gati kama Wakili alivyoshauri?

Baharia Mstaafu

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nitakuwa gatini. Waje na kamba ndefu yenye alama za mita. Nami nitakuja na wenzangu wawili, mmoja alikuwa fundi wa injini, na daftari langu la safari.