Naomba ushauri: paka amechimba zulia mlangoni

Habari zenu ndugu zangu. Juzi usiku paka wangu alifungiwa chumbani kwa bahati mbaya, akalichimba zulia chini ya mlango mpaka likatoboka. Tundu ni kubwa kama kiganja, nyuzi zimetapakaa na kitambaa cha chini kinaonekana. Zulia hili tulilitandika pamoja na marehemu mama, kwa hiyo kulitupa siwezi.

Nyuzi zilizochomoza nimezikata kwa mkasi. Sikuzivuta, maana ukivuta moja mstari mzima unaweza kufumuka. Sasa nafikiria kukata kipande kule chini ya kabati, nikibandike hapa kwa gundi huku nikifuata upande yanakolalia manyoya ya zulia. Je, kiraka kitaonekana? Na kingo nizizuieje zisiendelee kufumuka?

Halafu kuna kona aliyokojoa. Nimeifuta kwa maji na siki, lakini siku za joto harufu inarudi, naye anarudi palepale. Amonia nimeiepuka kwa sababu inanuka kama mkojo wenyewe. Mliotumia dawa zenye vimeng'enya (enzymes, zinazovunjavunja mabaki ya mkojo), mliziacha muda gani kabla ya kukausha?