Vipande 21 vya enterovirusi kwenye maji ya uti wa mgongo: ugonjwa au uchafu wa maabara?

pipeti_moshi
Wakuu, habari za kazi. Mtoto wa miaka 9, homa, degedege, hajitambui vizuri. Maji ya uti wa mgongo yalitolewa siku ya 2. Malaria hakuna, chembe nyeupe 310 kwa maikrolita, PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane) ya HSV (kirusi cha herpes) hasi. Tulitenga DNA na RNA pamoja, tukasoma kwa MinION, mashine ndogo ya kusoma mpangilio wa jenomu. Vipande milioni 4.2, zaidi ya asilimia 99 vya binadamu. Katika mabaki: enterovirusi (virusi vya tumboni vinavyoweza kufika kwenye ubongo) 21, EBV (kirusi kingine cha jamii ya herpes) 6, na virusi vya panya (MLV) 40. Kontroli ya maji matupu (tyubu isiyo na sampuli, ya kuonyesha uchafu) hatukuweka. Tuandike enterovirusi kwenye majibu?

msomaji_njiro
Bado. Angalia kwanza hivyo 21 vimekaa wapi. Jenomu ya enterovirusi ina herufi kama 7,400. Kirusi kikiwa ndani ya mgonjwa kweli, vipande hutawanyika huku na huku. Vikirundikana sehemu moja, vyote vinaanzia na kuishia palepale, hilo ni zao la PCR lililoruka kutoka kwenye tyubu ya mtu. PCR nyingi za enterovirusi hulenga eneo lile la mwanzo lisilobadilika, 5'UTR. Kipimo kinachotumika sana: angalau sehemu 3 za jenomu zisizolaliana.

MLV wala isikukoseshe usingizi. Kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA asili yake ni kirusi hichohicho.

pipeti_moshi
Nimeangalia, mkuu. 19 vimo ndani ya herufi 150 hivi za 5'UTR. Na PCR tunafanyia chumba hichohicho.

msomaji_njiro
Basi umeshajijibu. Tenga upya sampuli iliyobaki kwenye chumba kingine, pipeti nyingine, kisha fanya PCR ya VP1, jeni iliyo sehemu nyingine ya jenomu. Ukirudia 5'UTR utaukuta uchafu uleule. Ongeza kinyesi na swabu ya koo, maana enterovirusi mara nyingi hupatikana huko hata maji ya mgongo yakiwa hayana kitu.

friza80
Shida ya pili ni hizo chembe 310. Kila chembe imebeba jenomu ya herufi bilioni 6, kirusi kinazama humo. Gawa sampuli mara mbili: upande wa RNA weka DNase (kimeng'enya kinachokatakata DNA) kabla ya kuigeuza, upande wa DNA uache kwa ajili ya HSV na tetekuwanga. Kabla ya kutenga, tia kiasi kilekile cha faji MS2 (kirusi cha bakteria, cha kupima kama kazi imekwenda sawa) katika kila tyubu, pamoja na ile ya maji matupu. MS2 ikionekana vizuri kwenye maji lakini ikapotea kwa mgonjwa, usiandike "hakuna kirusi". Andika kwamba kipimo hakikufaulu. Watu wengi huruka hapa, halafu wanalaumu mashine.

Tyubu ya kwanza ya maji ya mgongo ipelekeni kwingine, huwa na damu na bakteria wa ngozi. Ya kusoma iwe ya tatu, mililita 0.5 hadi 1, moja kwa moja nyuzi −80. Kuyeyusha na kugandisha tena kunaimaliza RNA.

dk_usariver
Kwa upande wa wodi: HSV hasi siku ya 2 haitoshi, PCR inaweza kukosea ndani ya saa 72 za mwanzo. Asiklovia (dawa ya HSV) isisimamishwe, rudieni maji ya mgongo baada ya siku 3 hadi 7. EBV 6 zinaweza kutoka tu kwenye limfosaiti, chembe nyeupe ambamo kirusi hiki hujificha, na kwa chembe 310 sishangai.

Ulizeni pia kuhusu mbwa na mifugo. Kichaa cha mbwa mara nyingi hakionekani kwenye maji ya mgongo. Chukueni mate na kipande cha ngozi ya kisogoni chenye mizizi ya nywele. Homa ya Bonde la Ufa, iliyofika mkoa huu wa Arusha mwaka 2007, hupanda kichwani wiki 1 hadi 4 baada ya homa kuanza, kirusi kikiwa kimeshapungua au kuondoka. Hapo tafuteni IgM, kingamwili za mwanzo.

pipeti_moshi
Asanteni. Nimebakiwa na mililita 0.4. Naanza na VP1 au HSV?

dk_usariver
VP1. HSV isubiri maji mapya.