Naosha mikono, nachemsha maji, mtoto bado anaharisha. Nakosea wapi?

Mama_Wawili
Habari zenu wapendwa. Kitinda mimba wangu ana miezi 11. Ndani ya miezi miwili ameharisha mara tatu, na kila mara uzito unashuka tena. Maji ya kunywa nachemsha, mikono tunanawa kwa sabuni. Alfajiri napika uji wa kutosha, nautia kwenye chupa ya chai, dada anamlisha kidogo kidogo hadi nirudi kutoka kazini jioni. Usafi naujali sana jamani. Nisaidieni.

Muuguzi_Mstaafu
Pole sana mama. Kama anaharisha hata sasa, mwangalie kwanza: macho yakiingia ndani, akilegea, akikataa kunywa au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usisubiri majibu yetu.

Mimi nina wasiwasi na huo uji. Chupa inatunza joto, haiui vijidudu. Uji ukishuka chini ya nyuzi 60, bakteria huanza kuzaana, na ukiwa vuguvugu ndipo wanapostawi hasa. Wapo wa kwenye nafaka ambao mbegu zao huvumilia hata kuchemka, kisha huamka uji unapopoa polepole. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili.

Halafu chukua kizibo cha chupa, ung'oe ule mpira wa duara kwa ncha ya kijiko, upitishe kidole chini yake. Wodini niliwaomba akina mama wengi wafanye hivyo mbele yangu.

Baba_Mapacha
Kwetu ilikuwa maji. Tulichemsha vizuri, tukayamimina kwenye ndoo, kisha kila mtu akachota kwa kikombe, vidole ndani. Tulihamia ndoo ya mfuniko yenye koki. Angalia pia taulo la kufutia mikono. Letu lilikuwa moja kwa nyumba nzima, halikauki.

Mama_Wawili
Nimetoka jikoni sasa hivi. Chini ya mpira kuna utando wa kijivu unaoteleza, na harufu ya uchachu. Chupa hii naisuuza kwa maji ya moto kila siku! Nimeumia moyoni. Swali lingine: akiharisha huwa nampunguzia chakula ili tumbo lipumzike. Ni sawa?

Muuguzi_Mstaafu
Usijilaumu, hakuna aliyekuonyesha. Ila chakula usimpunguzie, hapo ndipo uzito unapopotelea. Mnyonyeshe zaidi, mpe chakula laini mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Kila akiharisha mpe maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa kijiko, taratibu. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya usawa, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Kliniki watampa pia zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma mapema. Na kwa kuwa imejirudia mara tatu, apimwe.

Mama_Wawili
Asante, Mungu akubariki. Leo hajaharisha, ila kesho nampeleka kliniki. Unga nimeupima kwenye vikopo vitatu vyenye vifuniko, dada atapika kimoja kila mtoto akiamka. Chupa ya chai nimeiweka juu ya kabati.