Naomba ushauri: pistoni moja imevunjika baada ya kuongeza presha ya tabo

Wakuu, habari zenu. Injini ni ya petroli, silinda nne. Fundi aliandika upya programu ya kompyuta ya gari, presha ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) ikapanda kutoka psi 9 hadi 16. Pampu ya petroli na nozo (zinazonyunyiza petroli kwenye injini) zilibaki zilezile za kiwandani. Gari lilivuta vizuri sana, hadi nilipokuwa napanda mlima mrefu na gia ya nne, mafuta nimekanyaga mpaka mwisho: nguvu ikakata, injini ikaanza kutetemeka, moshi wa bluu, na oili ikatapikwa kupitia tundu la stiki ya kupimia oili.

Kompresheni (presha ya mgandamizo) ya silinda nyingine zote tatu iko psi 150 hivi. Silinda namba 3 ina 40 tu. Tumefungua silinda hedi: gasketi nzima, valvu nzima. Pistoni namba 3 imevunjika ukuta ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, ila juu haijayeyuka. Kauri ya plagi yake ina vidoa vidogo vinavyong'aa, nahisi ni aluminiamu.

Fundi anasema ringi zilichoka. Siafiki, maana ringi iliyochoka hula oili taratibu, haivunji pistoni. Nashuku petroli ilikuwa inajilipukia yenyewe kwenye silinda.

Lakini mbona silinda moja tu? Nozo yake imeziba, au moto wa plagi ulikuwa unapigwa mapema mno? Nipime nini kwanza kabla ya kufunga pistoni mpya? Na vipande vilivyoanguka kwenye oili, je, nifungue na beringi zote?