Ghala jipya au kiwanda cha zamani? Swali kutoka Louisville

Shikamooni wakubwa. Nina miezi 3 hapa Kentucky, Marekani. Wakala wa ajira amenipatia kazi kwenye ghala jipya, dola 18 kwa saa, naanza Jumatatu. Shemeji anasema nisubiri kiwanda cha magari cha Ford. Kodi ya nyumba nayo haisubiri. Mnanishauri nini?

*

Marahaba mdogo wangu. Jumatatu nenda kazini, ila maombi ya Ford yapeleke wiki hii hii. Na mimi nilianzia kwa wakala. Slipu zangu mbili za mshahara ninazo hapa mezani. Ya wakala ina mistari michache: saa, kodi ya serikali, basi. Ya kiwandani ina bima ya afya, akiba ya uzeeni na ada ya chama cha wafanyakazi. Sheria ya Kentucky tangu 2017 hailazimishi mtu kulipa ada hiyo. Mimi nailipa kwa moyo mmoja, na sababu ni hii.

Mkataba wa 2007 kati ya Ford na chama chetu, UAW, uliruhusu waajiriwa wapya walipwe karibu nusu ya wafanyakazi wa zamani. Watu wawili laini moja, boliti zile zile, mishahara miwili! Baadaye pengo likapungua, lakini hata hivyo mgeni alihitaji miaka 8 kufikia mshahara wa juu. Tarehe 11 Oktoba 2023 wafanyakazi kama 8,700 wa kiwanda cha malori cha Ford hapa Louisville waliweka zana chini, wakagoma. Kwenye mkataba uliofuata miaka 8 ikawa 3, na wafanyakazi wa muda wakaanzia dola 21 kwa saa. Toyota ya Georgetown, humu humu Kentucky, isiyo na chama, nayo ikapandisha mishahara muda mfupi baadaye. Kwa hiyo usiulize dola ngapi tu. Uliza mwajiri wako hasa ni nani, wakala au ghala lenyewe, na utafika juu baada ya muda gani.

Ugumu upo: kiwandani zamu nzuri huchaguliwa na waliotangulia. Mgeni hupewa zinazobaki.

*

Naongezea, mdogo wangu. Kama una watoto wadogo, fikiria pia UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, pale uwanja wa ndege. Kazi ya saa chache usiku, lakini mkataba wa 2023 wa chama chao cha wafanyakazi, Teamsters, unaanzia dola 21 kwa saa, na bima ya afya inakuja ukishamaliza muda wa kusubiri. Kupata bima kwa kazi ya nusu siku ni nadra nchi hii.

Karatasi ya wakala usiisaini peke yako. Njoo nayo nyumbani Jumamosi tuisome pamoja, mstari kwa mstari.