Ramani ya jengo la chuo ufukweni Mwanza: kioo chote kimeelekea magharibi

Fundi Jiwe:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msimamizi wa saiti, mwaka wa 14 najenga hapa Mwanza. Kuna chuo kinataka jengo la madarasa ambalo, kwa maneno ya mkuu wao, "lirudishe zaidi kuliko linavyochukua", maji, umeme, hata udongo. Nikafurahi. Kufungua ramani: ukuta mzima wa kioo unatazama ghuba, yaani magharibi, na kila chumba viyoyozi viwili. Wanasema sola ya juu ya paa itafidia. Jengo lao la zamani lina madirisha ya hivyo hivyo. Saa tisa alasiri nimekuta wanafunzi wamejibana upande mmoja na vioo vimebandikwa magazeti. Nianzie wapi bila kuonekana mjuaji?

Mama Ramani:
Pole mkuu. Anza na jua, sola baadaye. Tupo kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta: toka katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana liko kaskazini yetu, miezi mingine kusini, na linapita juu sana. Upenu mpana unalimaliza. La magharibi linakuja chini chini, hilo upenu haulioni. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Upande wa ziwa weka ngazi na stoo, ziungue zenyewe. Acha korido wazi ipokee upepo wa ziwani, na usisahau nyavu, vile vijidudu vya ziwa unavijua. Halafu pima mita 60 toka ukingo wa maji. Sheria ya mazingira ya 2004 haitaki ujenzi ndani ya hapo.

Mzee wa Gata:
Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 800 za mraba, mvua ya mwaka milimita 1,000, toa moja ya tano inayopotea: lita 640,000. Ila Juni hadi Agosti mvua ni haba sana, kwa hiyo kesi ni tangi. Usichimbe, utakutana na mwamba ule ule unaotuvunjia mitaimbo; lijenge juu, katikati ya mawe, maji yashuke yenyewe. Jengo la Kendeda pale chuo cha Georgia Tech, Atlanta, linakunywa mvua ya paa lake. Lilifunguliwa 2019, cheti cha "jengo hai" (Living Building), yaani linalorudisha zaidi ya linachochukua, likapata 2021, baada ya kupimwa likiwa linatumika mwaka mzima. Waambie wakupe namba zilizosomwa kwenye mita, wasikupe picha.

Fundi Jiwe:
Asanteni. Leo nimevuta futi: shimo la maji taka kwenye ramani liko mita 41 toka ziwani. Hapo hawakubisha, linahamishwa. Kuhusu kioo, mkuu wa chuo ameomba kibaki kidogo, ofisini kwake. Nimemwambia kesho saa tisa nampelekea kiti kule jengo la zamani, akae dirishani nusu saa, kisha tuongee.